Sweta Isiyo na Mshono

Jumanne, 3 Juni 2025

Leo Mama Kajuju amefumua sweta yote. Yote! Alikuwa amefika kwapani. Nilimkuta jikoni, uzi umejaa mapajani. Anasema stichi zinamponyoka na hazioni tena. Sukari imemla macho. Miaka thelathini anafumia watu wa Makutano, sasa haoni ncha ya sindano. Hakulia. Afadhali angelia.

Sweta ni ya Kajuju, binti yetu, anafundisha Timau, na baridi ya huko haina adabu. Nikasema, nipe mimi. Akacheka. Nimefungua injini za malori maisha yangu yote — uzi utanishinda?

Jumatatu, 9 Juni

Umenishinda.

Sindano ni mbili, zimeungwa na kamba ya plastiki. Unafuma ukizunguka tu, hakuna kugeuza, hakuna kushona ubavuni mwishowe. Sweta inatoka kama bomba. Hiyo nilielewa haraka, bomba ni kazi yangu. Lakini nilipounganisha mwanzo na mwisho, ule mstari wa kwanza ulikuwa umejipinda kwenye kamba. Sikuona. Nimefuma siku tatu! Mama Kajuju akapitisha vidole mara moja. "Baba Kajuju, hii imejipinda. Hainyooki hata Yesu akirudi. Fumua."

Nimefumua. Stichi mia moja tisini na mbili, upya.

Jumamosi, 14 Juni

Nimevisha sindano washa, kile kipete cha chuma cha boliti, inionyeshe raundi inapoanzia. Wazo langu mwenyewe! Mama Kajuju ameishika, akauliza ni nini. Anasema miaka hiyo yote alikuwa anafunga kiuzi tu, na hiyo hakuwahi kuifikiria. Nimejisikia mtu.

Mukiri wa gereji alikuja kuchukua spana yake, akanikuta. Akauliza kama siku hizi mimi ndiye nimeolewa. Nikamwambia angoje nimalize raundi. Alingoja.

Ijumaa, 4 Julai

Kwapani. Pale pale alipoachia yeye.

Jioni tunakaa karibu na jiko, mimi nafuma, kidole chake kinanifuata nyuma, stichi kwa stichi. Leo kilisimama mahali. Nikaogopa, nikauliza, kosa?

"Hapana," akasema. "Nalitafuta."

Hakulipata.

Jumapili, 20 Julai

Kajuju ameivaa kanisani! Ya kijani, shingo ya duara, hakuna mshono popote. Kina mama wamemgeuza huku na huku kama mtoto wa kubatizwa, wakitafuta ilikoungwa. Celina, mwenyekiti wao, akamwambia Mama Kajuju, "Mungu ni mwema, mikono yako bado iko vile vile."

Alikuwa hajamwambia mtu wa kanisa habari ya macho. Nilitaka aseme asante, yaishe. Kweli nilitaka. Ningemwachia sifa zote.

Akasema kwa sauti, wasikie wote: "Mimi sioni siku hizi, Celina. Hiyo ni kazi ya mzee wangu."

Wote wakaangalia mikono yangu, na oili ya kwenye kucha ambayo haitoki kwa sabuni yoyote. Sikuificha. Celina akamshika Mama Kajuju mabega, akamkumbatia muda mrefu. Mimi nikaangalia dari.

Alhamisi, 24 Julai

Naandika kwenye benchi, nje ya ukumbi wa kanisa. Celina alipiga simu juzi: kina mama wanataka tuwafunze, sisi wote wawili. Mimi nionyeshe, Mama Kajuju akague kwa vidole. Nasikia wako wengi. Hakuna injini imewahi kunitisha hivi.

Nimemwambia Mama Kajuju aingie kwanza, nitafuata. Amekataa. Ameshika kiwiko changu, anauliza naandika nini. Nimesema, hesabu ya stichi.

"Uongo," amesema.

Ndani wamecheka kitu. Mlango umefunguka. Celina anaita, "Mwalimu, karibu!" Sijui anamwita nani kati yetu. Tunasimama wote wawili —