Pipi Zilizopinda Kushoto

Nyumbani, ghorofa ya pili,
juu ya duka la fundi saa.
Tarehe 27 Desemba

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini goti lako limepoa tangu barua yako ya mwisho, na kwamba huko mnakofulia mashuka ya hospitali hatimaye wamekupa kile kiti ulichoomba. Sisi huku ni wazima. Baba anakohoa kidogo; yeye anasema ni vumbi la chaki, Mama anasema ni ukaidi wa kukataa dawa. Mdogo wangu meno yake mawili ya mbele yameng'oka, na sasa anacheka kuliko zamani.

Kifurushi kilichokuja na barua hii usikifungue kwanza. Soma mpaka mwisho. Najua hutanisikia, lakini nimesema.

Unakumbuka jinsi Mzee Sukari wa duka la mwisho wa mtaa anavyouza biskuti mwaka mzima, lakini zile pipi zake za tangawizi, zenye mistari myekundu na myeupe, huzitengeneza kuanzia shule zinapofungwa hadi mwaka mpya tu. Majira mengine hewa ina unyevu, pipi hutoa jasho zikagandana. Ni wewe uliyenifundisha kuzipenda. Tulikuwa tukikaa kwenye ngazi, wewe unazitafuna kama mahindi, mimi nanyonya taratibu huku nasoma, halafu unaniomba nikumegee yangu.

Mwaka huu shule zilifungwa na kile kibao cha "Pipi za Likizo" hakikutundikwa. Siku ya kwanza, ya pili, ya tano. Nikakumbuka ulivyoandika mwaka jana, kwamba mwaka utakaokosa pipi zile ndio mwaka utakaoamini kweli uko mbali na nyumbani. Sentensi ile ilininyima raha.

Sasa, unanijua. Dukani ulikuwa ukiongea wewe, mimi nashika mfuko. Nilipita mbele ya mlango wake mara tatu, mara ya nne nikaingia na swali langu nimeliandika kwenye karatasi. Mzee Sukari akaisoma, kisha akaigeuza kuona kama kuna maneno mengine nyuma.

"Hii ni hati ya mahakama, au unataka pipi?"

"Nataka pipi," nikasema.

Akaninyooshea mkono wake wa kulia. Alianguka kutoka kwenye ngazi ya dukani, kifundo cha mkono kikavunjika, na tangu kiunge hakina nguvu ya kuvuta sukari. Watoto wake wote wako maofisini. Chumba cha nyuma, chenye jiko na ile ndoano kubwa ya ukutani ya kuvutia sukari, ameshamwahidi fundi viatu. Jumamosi anahamia. "Chukua biskuti, mjukuu wangu," akasema.

Sijui maneno yalitoka wapi, Shangazi. Nilisema, "Basi nifundishe mimi kabla ya Jumamosi." Ilikuwa Jumatatu.

Jumanne nilifika na kitabu cha maktaba kuhusu sukari na kipimajoto nilichoazima kwa mwalimu wa kemia. Mzee akakitazama kile kipimajoto akauliza kama sufuria lina homa. Yeye hudondosha tone kwenye maji baridi, kisha analivunja karibu na sikio. Likilia kama kijiti kikavu, sukari imeiva. Nilipima kwangu, yeye akasikiliza kwake, na tulitofautiana kwa nukta moja tu. Tangu hapo hakukicheka tena.

Lakini kuiva ni kazi ndogo. Sufuria la kwanza nililikoroga lilipokuwa linachemka, likageuka mchanga. La pili lilikuwa zuri mpaka kwenye kupinda. Ukishavuta sukari kwenye ndoano mpaka ing'ae, unalaza utepe mwekundu juu ya mweupe, unaukunja kama kamba kabla haujapoa. Nilipinda kwa mkono wa kulia kama alivyonionyesha, ikakatika. Jumatano ikakatika. Alhamisi na Ijumaa ikawa haikatiki ila inafunguka. Mdogo wangu alikula makosa yangu yote, na kwa maoni yake nilikuwa naendelea vizuri sana.

Jumamosi asubuhi fundi viatu alisimama mlangoni na sanduku lake la nyundo na misumari. "Mzee, nimefika."

"Ngoja. Tuna sufuria moja motoni."

Nilivuta, nikalaza utepe, nikaanza kupinda. Mkono wa kulia ulikuwa umechoka, na sukari ilikuwa inaanza kugoma. Bila kufikiri nikabadilisha. Mkono wa kushoto ukashika na kamba ikajipinda yenyewe, laini, mpaka mwisho wa meza. Nikakata vipande ishirini na vinne. Hakuna kilichokatika vibaya, hakuna kilichofunguka.

Mzee Sukari akaitazama mikono yangu. "Wewe ni wa mashoto?"

"Ndiyo, Babu."

"Na siku zote hizi unanipindia sukari kwa mkono wa kuazima? Mbona hukusema?"

"Hukuuliza."

Fundi viatu alicheka mpaka akakaa juu ya sanduku lake. Alikula kipande kimoja, akaomba cha pili, kisha akasema yeye angeweza kusubiri mpaka Januari.

Saa nne, tulipomaliza masufuria mengine mawili, tulitundika kibao, nami nikasimama kaunta. Foleni ilifika mpaka kwa muuza magazeti. Nilizungumza na watu wote wale, Shangazi, na sikuandika chochote kwenye karatasi. Mama mmoja, mteja wa miaka mingi, aliigeuza pipi yake akalalamika kwamba mwaka huu mistari imekwenda kinyume.

"Haijaenda kinyume," Mzee Sukari akamjibu. "Imebadilisha fundi."

Mwakani nitapinda tena; fundi viatu ameahidi kutupisha chumba wiki za likizo. Ameshaniambia nije na mkono wangu mwenyewe.

Baba na Mama wanakusalimu sana. Wasalimie binamu zangu mapacha na mumeo, na usiwafiche pipi kama nikujuavyo. Mungu akulinde kazini na njiani, na kiti kile wakupe.

Sasa fungua kifurushi. Humo mna pipi ishirini na tatu za sufuria lile la kwanza la Jumamosi, kwa sababu moja imo tumboni mwa fundi viatu na hiyo ya pili alipewa ya sufuria lililofuata. Chini kabisa, ndani ya karatasi ya bluu, kuna moja ya mwaka jana niliyoitunza kwenye kopo lililofungwa, ya mwisho aliyopinda Mzee Sukari mwenyewe. Ilaze kando ya yangu, upande wa kushoto. Mistari yake inapanda kulia, yangu inapanda kushoto, na ukiziweka pamoja inakutana juu kama paa la nyumba.

Mwanao akupendaye bila kuazima,
Kimya