Koti la Baba Mkwe

Jumapili, jioni. Mvua ya mawe imepiga majani ya chai tangu saa tisa na sasa imebaki manyunyu tu. Nimekaa jikoni. Sijala, na sitaki mtu aniulize kwa nini.

Leo nimeaibika. Niliyekosea ni mimi mwenyewe.

Mimi ni mchongaji. Nilianza kama wasichana wengi wa kwetu Tabaka, kijiji cha wachonga mawe, kwa kusugua na msasa vinyago walivyochonga wanaume. Baadaye nilisoma sanaa Nairobi, kisha nikapata nafasi ya kujifunza ng'ambo, na huko nikapenda kuchonga mwili wa binadamu jinsi ulivyo, kwa namna ya mabingwa wa kale. Nilipoolewa huku Nyamira nikiwa na patasi zangu, watu walicheka. Mwanamke anasugua, hachongi. Baba mkwe wangu hakucheka. Alihamisha ng'ombe wake akanipa banda lao liwe karakana.

Huyo ndiye mtu niliyemuaibisha.

Kazi yangu kubwa mwaka huu ni kiwiliwili cha mwanamume, kutoka shingoni hadi magotini, uchi kabisa. Aliyesimama mbele yangu nimchonge ni mume wangu, Mokaya. Alikubali kwa sharti moja, kwamba asijulikane. Basi sikukipa kichwa. Nilijiona mjanja sana.

Ila kovu nililiacha. Mokaya ana kovu refu chini ya mbavu, alipigwa pembe na fahali akiwa mdogo. Lilikuwa zuri mno kwenye jiwe. Nilijiambia kwamba kulifuta ni kudanganya, na mimi huwa sidanganyi katika kazi. Maringo tu.

Kwetu kuna ensoni, ile heshima yenye haya ndani yake. Baba haoni uchi wa mwanawe aliye mtu mzima. Hata nyumba ya mwanawe aliyeoa haingii. Mimi na baba mkwe huzungumza tukiwa tumeachana hatua kadhaa, kila mtu anaangalia upande wake. Hayo yote nayajua tangu utoto. Nilimwalika kwenye maonyesho ya kazi zangu ya leo kwa adabu tu, nikiwa na hakika kwamba hatakuja.

Alikuja. Alivaa koti lake la kanisani, lile la Sabato, akaingia ukumbini polepole. Alipita kwenye sanamu ya mama anayenyonyesha, akaigusa kwa nyuma ya vidole. "Buya mono," akasema, nzuri sana, na wageni wakatabasamu. Nilijivuna kusema kweli.

Kisha akafika kwenye kiwiliwili. Macho yake yalikwenda kwenye kovu moja kwa moja. Yeye ndiye aliyembeba Mokaya mgongoni hadi hospitali siku ile, damu ikimtiririka kiunoni. Kichwa angekihitaji cha nini?

Aligeuka akakipa kiwiliwili mgongo.

"Nani amevua mtoto yangu nguo mbele ya watu?" aliuliza. Sauti ilikuwa ya chini. Akavua koti, akalirusha nyuma bila kutazama, akapapasa hadi likafunika lile jiwe, kisha akaelekea mlangoni akiwa na shati tu.

Hapo ningemfuata. Hatua chache tu.

Mgeni mmoja kutoka Nairobi, ambaye alikuwa ameomba kazi hiyo ikaonyeshwe huko, aliinua kamera yake akaniuliza kama koti ni sehemu ya sanamu. Nikacheka. Nikasema, "Ni wazee wetu tu, hawajazoea." Nikaliondoa koti ili apige picha.

Baba mkwe alikuwa bado mlangoni. Alisikia. Niliona mabega yake yakisimama kidogo, halafu akatoka nje, akaingia mvuani.

Nimemwandikia yule mgeni kwamba kiwiliwili hakiendi Nairobi. Nikiri pia hili: nilipotuma ujumbe huo, machozi ya kwanza yalikuwa ya jiwe langu, si ya mzee. Ya mzee yalifuata. Naona haya hata kuyaandika.

Mokaya amerudi jioni, habari imeshamfikia. Sikuona hasira. Nilimpa koti ampelekee baba yake, boma liko hapo chini tu. Akakataa kulipokea.

"Wewe ndiye ulilitoa," akasema. "Wewe ndiye utalirudisha."

Basi kesho asubuhi, kabla mzee hajaenda kuchuma chai, nitashuka bomani kwake. Nitasimama uani mbali kidogo, kama mke wa mwana anavyosimama. Sitamweleza habari za sanaa. Nitasema nimekosa, basi.

Lakini koti halirushwi kama mpira. Itabidi nisogee, naye asogee, alipokee mkononi mwangu. Na wakati huo, mimi niliyemtazama mwanawe kila unywele kwa miezi nikichonga, macho yangu nitayaweka wapi?