Mvua ya Mawe Ilitangulia Onyo

Jogoo, Kisii
Jumanne, 6 Mei 2025

Mpendwa ndugu yangu Mose,

Haron, mwenyekiti wa chama cha wakulima wa Nyansiongo, alitangaza jana kwamba Sheila wetu amesimamishwa kazi ya kutunza kompyuta za onyo, kwa uzembe. Najua salamu hutangulia, lakini hili sikutaka ulisikie kwa mtu mwingine. Sasa nakusalimu. Hujambo huko Trondheim? Kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimepona? Mimi ni mzima, ila goti. Mama anakula vizuri na bado anagombana na redio.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu huwa huniachi nimalize sentensi.

Mvua ya mawe ilinyesha Jumanne iliyopita alasiri. Nilifika kesho yake. Upande wa juu wa kituo cha kununulia majani, chai imebaki vijiti na mahindi yamelala chini. Mchumaji mmoja alishonwa kichwani na ameruhusiwa kwenda nyumbani. Kitalu cha miche cha Nyakerario, yule jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, kimesagwa chote.

Onyo liliingia kwenye simu za wakulima mawe yakiwa yameanza kuyeyuka. Nyakerario alikuwa akiokota miche, akaniambia bila hasira, "Wingu niliona, dada. Lilikuwa na ule weupe mbaya. Lakini nikasema simu haijalia, neti ya kufunika miche ikae tu pale imekunjwa." Nimeandika habari za hasara miaka mingi, na sentensi hiyo bado sijaweza kuiweka kando.

Nilitaka kujua kwa nini onyo lilichelewa. Nitaeleza nilivyoelewa, nawe unirekebishe nikikosea.

Kile chumba nyuma ya ghala la maziwa kina kompyuta kuukuu kumi na mbili, na ile moja kubwa uliyoileta mwenyewe. Hesabu ya mawingu, ambayo ndiyo hutoa onyo, hukatwa vipande, kila kompyuta ikapewa chake, ili zote zifanye kazi kwa wakati mmoja. Kinachogawa kazi ni programu yako ya siafu. Kompyuta inayomaliza haraka huwekewa alama, mfano wa harufu ambayo siafu huiacha njiani, na kazi zinazokuja huifuata harufu hiyo. Kwa siafu wa shambani harufu hufifia, na njia isiyofaa tena husahaulika. Kwa siafu wako uliagiza ififie polepole mno, karibu isififie kabisa.

Ile kompyuta kubwa ndiyo iliyokuwa na harufu nyingi. Mwezi uliopita feni yake iliziba kwa vumbi la mashine ya kusaga mahindi iliyo ukuta wa pili. Ikawa inapata joto na kupunguza kasi. Kazi ziliendelea kupangwa foleni mbele yake kwa sababu ya sifa zake za zamani, na zile kumi na mbili zikakaa bure. Siku ya mvua Sheila aliiona foleni akajaribu kuhamisha vipande kwa mkono. Hakuwahi. Sokoni wanasema alikuwa amelala. Hakuwa amelala. Vumbi anakubali kwamba ni kosa lake, alipaswa kulifuta.

Kinachonisikitisha zaidi ni mkutano wa chama wa Februari. Nilikuwepo. Ulieleza mpango wako kwa video, na mzee Nyangau akauliza hao siafu watalipwa na nani, ukumbi ukacheka, nawe ukajibu kwamba wao hawajui mgomo. Watu walikupenda siku ile. Haron akamgeukia Sheila, akamuuliza kama ana la kuongeza. Akatazama sakafu, akasema hana.

Alikuwa nalo. Aliniambia juzi, jikoni kwangu, baada ya kuosha vyombo vyote na kukosa kingine cha kuosha. Kabla ya mkutano alikupigia akakuuliza kama swali tu: "Tata, harufu isipofifia, na mashine ikichoka je?" Ukamjibu, "Acha njia itulie kwanza." Hakuuliza tena. Tangu kaka yetu Obadiah afariki wewe ndiye baba yake, ndiyo maana anakuita Tata, na kwetu mtoto hamkosoi baba yake mbele ya watu. Nilimuuliza kwa nini sasa, kazi ikiwa inamponyoka, bado hasemi. Akaniambia, "Shangazi, nikisema Tata alikosea, nitakuwa nimeokoa kazi na kupoteza mtu."

Sikulaumu kwa kukosea. Stima ilikuwa inakatika kila mara, kazi zikirukaruka kutoka kompyuta hii hadi ile, na ulitaka utulivu. Ilikuwa sababu nzuri. Ninachojutia ni kwamba mtu mmoja katika nyumba yetu alijua, na hatukumwachia njia ya kusema.

Habari ya Nyansiongo nimemwachia Linda, mwenzangu wa chumba cha habari, kwa kuwa mimi ni wa familia. Atakuwa kwenye mkutano wa kamati wiki ijayo na ataandika kitakachosemwa pale. Mimi siwezi kusimama badala yako. Niliyo nayo ni maneno niliyosikia kwa Sheila, na hayo ni ya kusikia tu. Ni wewe peke yako unayeweza kusema, "Kanuni ile niliiweka mimi, na msichana aliniuliza." Ukinyamaza, kitakacholala kwenye gazeti ni kwamba alizembea, na hakuna chama kingine huku kitakachomchukua.

Mama anakusalimu, anasema umekonda kwenye picha. Drusilla na watoto wake wa Ogembo wanakusalimu pia. Nyakerario aliuliza habari zako. Hakuwepo mkutanoni Februari, hajui hizi kompyuta zilipangwa na nani, wala sikumwambia. Mungu akulinde huko ugenini, na akupe ujasiri pamoja na afya.

Mkutano utakuwa Alhamisi, Mei 15, saa nne asubuhi ya huku, kwako saa tatu. Haron amekubali kukupigia kwa video kabla ya kamati kupiga kura kuhusu kazi ya Sheila.

Dada yako anayekupenda hata anapokuandikia haya,
Tryphosa