Boliti Nne za Mangapwani

Jumanne, 3 Julai 2001
Mwanangu Hind ana homa tena. Kazini nimekwenda macho mekundu.
Leo nguzo ya darubini imemiminwa zege, huku Mangapwani. Juu yake boliti nne za kuishikia darubini, na lazima zitazame kaskazini sawasawa. Bwana Anuar, mhandisi wetu, karudia neno lake: mradi hauharibiki ndani ya kazi ya mtu, unaharibika pale kazi ya huyu inapokutana na ya yule. Ndiyo maana kila makutano yana fomu yake. Na fomu nnazishika mimi.
Saa nane mama mkwe kapiga simu — mtoto anatapika! Nikasaini "imekaguliwa". Sikupima. Nikakimbia.

Jumatano, 4 Julai
Homa imeshuka, alhamdulillahi. Kala uji vijiko vitatu.

Alhamisi, 5 Julai
Nimemkuta Mzee Silima, fundi wetu mwashi, anaosha mwiko. Shikamoo, marahaba. Nikamuuliza: vigingi vya Bwana Anuar vya kuonyesha kaskazini viling'oka siku ya kuchimba, wewe umeipataje? Akacheka! Kumbe Jumanne alisimama pale kama anaswali, kanyoosha mkono, kapanga boliti.
"Kwani kibla si kaskazini? Miaka hamsini nnaswali, leo unifunze wewe uliyezaliwa juzi?"
Nikamwambia, Mzee wangu, Mungu anapokea nia. Darubini haipokei nia.
Kaninunia. Chai niliyommiminia hakuigusa.

Ijumaa, 6 Julai
Sikusema. Bwana Anuar kapekua faili, kaiona saini yangu, kasema wewe ndiye nnayekuamini. Ya Rabi! Darubini inafika Jumatatu, na fundi wake wa ng'ambo yupo siku mbili tu. Sahani ya chuma inayokaa juu ya boliti inasogea nusu kidole, basi. Boliti zikienda upande zaidi ya hapo, nguzo ivunjwe.
Labda Mzee kapatia. Labda.

Jumapili, 8 Julai
Nimekwenda mwenyewe kupima, Hind mgongoni. Mzee Silima keshafika — na uzi wa timazi mkononi! Kumbe naye imemkaa rohoni.
Bwana Anuar alinifundisha: siku hizi, saa sita na dakika ishirini na nane, jua liko kaskazini kabisa. Uzi ukining'inia juu ya boliti ya mbele, kivuli kiiguse ya nyuma. Mzee kashika uzi, mimi saa.
"Sema, mwanangu."
Sasa!
Kivuli kimeikosa boliti ya nyuma kwa vidole viwili.
Mzee kakaa chini. Kisha kasema kidogokidogo, mwambie Bwana Anuar ni mimi. Nikamwambia la, Mzee wangu, wewe hukusaini kitu.
Nimempigia Bwana Anuar kutoka dukani. Njoo, nikamwambia, na sababu sikuitaja. Sasa nnaandika nimekaa juu ya mfuko wa saruji, fomu ile magotini. "Imekaguliwa" nshaikata kwa wino mwekundu. Hind kalala begani kwa Mzee.
Gari linakata kona penye minazi. Mlango. Ananiita.
Naam —