Ufagio wa Jumamosi ya Mvua

Dada Asia,

Shikamoo. Najua leo hakuna wa kuniitikia marahaba, lakini miaka yote sijawahi kuingia saluni bila kukuamkia, na sioni kwa nini nianze utovu wa adabu sasa kwa sababu tu wewe umehamia makaburini.

Ni Jumapili asubuhi na nimekaa kwenye kiti chako. Tulia, usinikaripie, nitakueleza nimefikaje hapa. Kwanza habari za nyumbani. Ile draya yenye kelele ilipelekwa kwa fundi, ikarudi na kelele zaidi. Mama Neema bado anashuka na madumu yake ya mawese kutoka Mwandiga, anauza, halafu anakuja kusukwa na kusinzia, kichwa chote ananiachia mimi nikibebe. Furaha wa vitenge hajambo. Siku ya msiba wako tulisuka wanawake tangu alfajiri, wote twende kilioni, maana hakuna aliyetaka msuko mwingine. Nilikuwa nasuka huku nalia, na mistari ya Furaha ikatoka imepinda kama njia ya ng'ombe. Nikamwambia nifumue nirudie, akakataa. Alikaa nayo hivyo hivyo mpaka arobaini yako ikapita. Kila nilipomwona njiani na ile mistari nilitamani kujificha.

Televisheni hatukuiwasha tena. Hakuna aliyekataza. Jumamosi ya kwanza ilipita, na ya pili, na mtu akitaka kushika rimoti mkono unarudi wenyewe.

Unakumbuka wateja wapya walivyokuwa wakishangaa? Mtu anakuja kuseti nywele, anategemea kukuta tamthilia ya Kituruki, anakuta wanawake wenye vichwa vilivyosukwa nusu wanayapigia kelele magari ya mbio. Ulikuwa unamvutia kiti na kumfundisha papo hapo: leo Jumamosi ni mchujo, kila mmoja anatafuta mzunguko wa kasi, na mwenye kasi ndiye anayeanza mbele kesho kwenye mbio zenyewe. Ulikuwa ukimwonyesha dereva wetu, ambaye tulimwita Mpole kwa sababu hagombani na mafundi wake kwenye redio, na yule adui yetu Bwana Harusi, ambaye hata akivua kofia ya chuma nywele zake zimelala vizuri kuliko za wateja wetu. Mwezi ukiisha, yule mgeni ndiye anayepiga kelele kuliko wote.

Mvua ndiyo uliyoipenda zaidi. Ulikulia kwenye lori la baba yako, mkipita matope ya njia ya Kasulu, na ulikuwa unasema hakuna anayejua kuendesha mpaka umwone kwenye utelezi. Ndipo ukaanzisha ule mchezo. Mvua ikinyesha kwenye mchujo, kabla ya duru ya mwisho kila mtu aliyemo saluni anatoa kauli: Mpole atoke mapema na matairi ya mvua, au asubiri njia ikauke. Anayekosea anafagia nywele za siku nzima. Wewe hukukosea mara nyingi, lakini ulipokosea ulijifunga kanga kiunoni ukafagia mpaka chini ya mabeseni, mwenye saluni mzima, huku Mama Neema akikuelekeza kwa kidole.

Mimi hawakuniuliza hata siku moja. Sisemi kwa kinyongo. Nilikuwa mwanafunzi wako na kufagia ilikuwa kazi yangu ya kila siku. Mtu ambaye atafagia, apatie akosee, umuulize kauli ya nini? Nilikuwa nacheka na wengine, na wakiondoka nachukua ufagio.

Sasa jambo lenyewe. Arobaini ilipokwisha, shemeji Rajabu alinifuata hapa. Unamjua mume wako, alizunguka kwanza kwenye habari za mvua na bei ya samaki wa migebuka ndipo akafika. Kuna mtu anakitaka chumba hiki auze vipuri vya bodaboda. Shemeji alisema angependa pabaki saluni, kwa ajili yako, ila hawezi kuacha chumba cha mkewe kikae kinangoja huruma. Akaniuliza kama naweza kukichukua na kukiendesha mwenyewe. Nikasema nipe muda. Akasema atakuja Jumamosi jioni kusikia jibu.

Dada, mikono yangu naijua. Kusuka nasuka, na wapo waliokuwa wakininong'oneza kwamba rasta zangu zinadumu kuliko zako, samahani lakini ni kweli. Hofu yangu haikuwa kazi. Hofu ilikuwa kwamba wale wanawake walikuwa wako. Walikuja kukaa na wewe, na nywele zilikuwa kisingizio. Tangu uondoke wengine wamehamia saluni moja kule Katubuka, na waliobaki wanasukwa, wanalipa, wanaondoka. Hawakai. Ijumaa jioni nilipanga machanuo yangu kwenye mfuko, kwa kujaribu tu, nione moyo unasemaje.

Jana nikawasha televisheni. Usifikiri nilikuwa jasiri. Mama Neema alikuwa amelala mkononi mwangu kama kawaida yake, kimya kilikuwa kinanichosha, na nilijua ni siku ya mchujo. Sikumwalika mtu. Lakini ile milio unaijua, inafika mpaka barabarani. Furaha alikuwa anapita na vitenge vyake begani. Akasimama mlangoni, akasikiliza, kisha akaingia na kukaa mahali pake pale karibu na beseni, utadhani alitoka jana. Nyuma yake wakaja wengine, mmoja alikuwa hana hata nywele za kusuka, kanyoa. Kiti chako kikabaki kitupu katikati na kila mtu alikizunguka kwa adabu.

Kule kwao kwenye mbio mvua ilikuwa inamwagika. Gari moja likateleza na kubamiza ukuta, wakasimamisha kila kitu, tukaanza kungoja. Ungewapenda jana. Mama Neema aliamka kabisa na kuanza kuwasema wale madereva, kwamba yeye anatoka Mwandiga na madumu ya mawese kwenye matope na hakuna anayemsimamishia barabara, na kofia ya chuma hana. Furaha akawatetea, akisema kwa kasi ile hata maji ya kikombe yanakutupa nje. Mara wakatokea wanaume wenye makoti ya mvua wanasukuma maji barabarani kwa mafagio. Mama Neema akasema bila shaka hao ni walioshindwa wiki iliyopita. Tulicheka mpaka mtoto wa jirani akaja kuchungulia. Ilikuwa mara ya kwanza kicheko kinasikika humu tangu uondoke, na mimi nilikiona kabisa kikizunguka chumba na kufika kwenye kiti chako.

Mvua ikapungua, duru ya mwisho ikaanza, na kauli zikaanza bila mtu kukumbusha. Mama Neema: atoke sasa. Aliyenyoa: atoke sasa. Furaha akasita, kisha naye akasema atoke. Halafu wote, dada, wote kwa pamoja, wakageuka kukiangalia kiti chako. Ni mazoea tu. Walipoona walichokifanya wakainamisha macho, na mimi nikashika rasta nisiyojua naisuka au naifumua.

Furaha ndiye aliyeinua kichwa. Akaniangalia mimi.

"Na weye, Mwajabu? Weye unasema je?"

Jibu lako lilikuwa tayari mdomoni mwangu. Atoke sasa, asingoje. Nimelisikia mara nyingi kiasi kwamba ningeweza kulisema kwa sauti yako. Lakini nilikuwa naangalia ile barabara. Maji yaliyokuwa yakiruka nyuma ya magurudumu yalikuwa yamepungua, na pale magari yalipokuwa yakipita palikuwa pameanza kuwa peupe. Nikasema asubiri, njia inakauka, aweke matairi ya ukavu atoke mwishoni.

Walinishukia. Mama Neema aligeuza kichwa kwa nguvu hadi mstari ukanitoka mkononi, akasema Asia angemtoa sasa hivi, na mimi najua angemtoa.

"Asia hayupo," nikasema. "Mmeniuliza mimi."

Sijui niliitoa wapi sauti ile. Nilitamani kuyarudisha maneno, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameyatamka humu ndani kwa uwazi namna hiyo, kwamba hupo. Nilifikiri Mama Neema atainuka aondoke na kichwa chake nusu. Aliniangalia kwenye kioo. Kisha akarudisha kichwa mkononi mwangu.

"Haya," akasema. "Suka."

Na Mpole akasubiri! Alikaa ndani ya gari huku wenzake wakizunguka, Bwana Harusi akiwa wa kwanza kutoka. Wanawake walimtukana Mpole, mimi nikasuka kwa maringo. Walipomfungia matairi ya ukavu nilianza hata kuimba kidogo.

Hapo ndipo mvua yetu nayo ilipoamua kuja. Niliona mlango umeingia giza, nikachungulia kile kipande cha ziwa kinachoonekana kutoka mlangoni, milima ya Kongo ilikuwa imekwisha kufutika. Nikaita taulo, kama ulivyokuwa ukiita wewe, na wawili wakakimbia nje kuzianua kabla sijamaliza neno. Mabati yakaanza kupiga kelele. Mpole ndiyo kwanza alikuwa anatoka, na picha ikakatikakatika vipande, ikaganda, ikazimika. Unalijua hilo dishi letu, wingu likikohoa tu linalala.

Hakuna aliyeondoka. Kwanza nani atatoka na nywele mpya kwenye mvua ile, lakini haikuwa hiyo peke yake. Walikaa wakitazama kioo cheusi na kubishana juu ya mzunguko ambao hakuna aliyeuona. Furaha alishika simu, kile kiduara kikazunguka bila kufika popote. Nilimaliza kichwa cha Mama Neema akaendelea kukaa. Nilisimama katikati yao nikawa nawaangalia, na nikawa nimesahau kabisa kwamba shemeji yuko njiani.

Picha ikarudi. Mvua ilikuwa imerudi kule kwao pia, na pakubwa. Gari la Mpole lilikuwa kwenye nyasi, matairi yake ya ukavu yamejaa tope, nafasi ya kumi. Bwana Harusi wa kwanza, nywele zimelala.

Ulikuwa sahihi, dada. Hata ukiwa huko uliko, ulikuwa sahihi.

Walicheka mpaka Furaha akashikilia beseni. Mama Neema akainuka, akaenda nyuma ya mlango, akarudi na ufagio, akaniwekea mkononi.

"Umeshindwa. Fagia."

Dada Asia, sakafu hii nimeifagia tangu nikiwa sijui kugawa nywele mistari miwili sawa. Naijua kila ufa. Lakini ufagio ule, kwa kushindwa, sikuwahi kupewa. Nilijifunga kanga kiunoni, nikaanza, na machozi yakaanza nayo, nikawa nafagia nywele na machozi huku nacheka, nao wanakunja miguu na kunionyesha hapa umeacha, pale umeacha, chini ya draya je. Nilifurahi, sitakuficha. Nilifurahi kuliko kama Mpole angeshika nafasi ya kwanza.

Shemeji aliingia kati ya hayo, mwavuli unachuruzika. Akaona wanawake wamekaa, mimi nimeinama, macho yamevimba. Uso ukambadilika. Hakuwa hapa Jumamosi hata moja, wewe mwenyewe ulikuwa unamfukuza, sasa angejuaje? Mama Neema akamsabahi "mwidiwe", kama tunavyoitana wenyeji wa huku, kwa furaha zote, naye akajibu kwa ubaridi. Akawaambia marehemu asingependa kuniona natumikishwa hivi. Kisha akanigeukia kwa upole, akasema ananielewa kama nimechoka, na yule mtu wa vipuri anaweza kupewa ufunguo hata kesho.

"Shemeji," nikamwambia, "chumba nakichukua."

Akaniangalia mimi, akaangalia ufagio, akauliza kama nina hakika. Kabla sijajibu Furaha akanijibia kutoka kwenye beseni.

"Huyu ndiye mwenye saluni. Amekosea kauli, ndiyo maana anafagia."

Sidhani kama shemeji alielewa. Lakini alikaa, akaletewa chai, na mvua ilipokatika akaniachia funguo zote mbili, wako na wa akiba. Nilipomaliza kufagia niligeuka nikakuta kiti kimoja tu kiko wazi. Wote walikuwa wanaangalia pembeni, wanajifanya wana mazungumzo. Nikakaa. Kinabonyea upande wa kushoto, hukuwahi kuniambia.

Basi, dada yangu. Leo mchana Mpole anaanza wa kumi na wote wameapa watakuja, hata aliyenyoa. Wa Katubuka nao watasikia, nawajua, hawawezi kukaa mbali na kelele. Ijumaa nitakuja kung'oa majani kwenye kaburi lako na kukupa matokeo. Nakuahidi hivi: mvua ikinyesha nitasema langu, si lako, na nikikosea nitafagia mpaka chini ya mabeseni. Siku nikipatia, nitakuja kukutambia huko huko, ujiandae.

Pumzika, dada Asia. Ufagio nimeurudisha nyuma ya mlango, palepale ulipokuwa ukiuweka.

Wako,
Mwajabu