Jibu Lisilo na Kisanduku

Babati Mjini,
Alhamisi.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naulizia presha yako kwanza, kisha mguu, kisha kifua cha mjukuu wako Adrian. Huku mvua zimekata mapema na tunakohoa vumbi, ila kazini tunakwenda. Nimeona niandike kwa sababu kwenye simu ungeniuliza habari, nami ningejibu nzuri, tukaishia hapo.

Unajua kituo chetu cha utafiti kimezifuata kaya za kijiji chetu cha Mutuka miaka kumi, kuona jamii inavyobadilika. Dodoso letu unalikumbuka, lile refu lililokufanya uunguze maharage. Swali la kumi na nne linauliza kama maisha yameboreka, yako vilevile au yameharibika. Karibu kila mtu alijibu kwamba anamshukuru Mungu. Jibu hilo halina kisanduku. Wenzangu waliotoka mikoa mingine walikwama, wakaniuliza mimi mtoto wa Mutuka lina maana gani. Nikawaambia, tena kwa kujiamini, kwamba mtu hushukuru akipata, basi waweke tiki kwenye yameboreka.

Jumanne tulikaa kikao cha kuamua utafiti uelekee wapi miaka kumi ijayo. Mkuu wetu, Dokta Heriel, alituonyesha ukutani kwamba kaya nane kati ya kumi za Mutuka zimeboreka. Alisema Mutuka imeshatupa majibu, sasa tukachunguze vijana wa mjini na simu zao. Watu wakapiga makofi. Akaongeza kwamba ufuatiliaji wa kaya ukifungwa, nesi Rosemary naye atasitisha safari zake, kwani alikuja na utafiti na ataondoka nao. Ndiye huyo anayekupima presha na kukuletea vidonge, Mama. Nilinyoosha mkono. Nilipopewa nafasi nikauliza chai inaletwa saa ngapi.

Najichukia, na sijui nimwambie nani zaidi yako.

Nilikusudia kukuandikia kwamba tulikosea kwa kutoelewa. Si kweli. Fomu yako ndiyo ilikuwa ya kwanza, na niliijaza mimi. Zizi lilikuwa tupu, maana ng'ombe wa mwisho alikwenda wakati wa kumuuguza marehemu Baba, na shamba la bondeni linalimwa na wengine. Ulisema unamshukuru Mungu huku umegeuza uso. Nilikuelewa vizuri sana. Lakini niliona aibu kuandika kwa mkono wangu kwamba kwetu kumeharibika, wakati mimi natembea na kitambulisho cha kazi shingoni. Nikatia tiki kwenye yameboreka. Wenzangu waliponiuliza, niliwafundisha uongo ambao nilikuwa nimeshauandika.

Ripoti inapelekwa Jumatatu. Kesho nitamweleza Dokta yote, hata kama atanifukuza, ila najua atataka maneno ya wenye kaya wenyewe. Kwa hiyo Jumamosi nakuja na dodoso tupu, na nesi Rosemary atakuwepo. Nitakuuliza swali lilelile.

Mbusu Adrian kwa ajili yangu, na umsalimie sana jirani yetu Mama Theodori. Mwambie fomu yake itakuwa ya pili kujazwa upya. Nakupigia magoti, Mama: siku hiyo usimshukuru Mungu mbele yangu. Yeye anajua ulivyolala na njaa. Niambie mimi, niandike.

Ni mimi mwanao,
Vailet