Kuinuka Mkekani

Jumanne, 1 Julai 2025
Majidi kapiga simu. Mwanangu huyu akianza na "Mama, nimefikiria sana", ujue nishaamuliwa. Anakuja mwanzoni mwa Agosti kunichukua nikaishi kwake Dar. Moja kwa moja! Yote ni kwa ajili ya siku ile ya mwezi uliopita — nilikaa chini kupepeta mchele, nikashindwa kuinuka. Toka adhuhuri hadi alasiri, mimi na ungo wangu, mpaka Ummy, mpangaji wangu, aliporudi sokoni. Sikuumia. Ila niliogopa, siwezi kujidanganya.

Nikamwambia Majidi: nikiinuka mkekani mbele yako, bila kushikwa wala kushika kitu, nabaki Tabora. Akacheka, akakubali. Amekubali kwa kuwa ana uhakika. Miaka sabini na minne — tutaona!

Jumatano, 2 Julai 2025
Hospitali. Recheli, mtaalamu wa mazoezi, binti mdogo lakini mkali! Mikono kifuani: simama, kaa, simama, kaa. Nimeweza mara nne. Anasema mapaja yamelala, yaamshwe. Mazoezi kila asubuhi, kutembea kila siku, na nile mayai na maharage, si chai na mkate tu. Nikamuuliza, na uzee je? Akasema uzee hana dawa yake, ya mapaja anayo.

Jumamosi, 5 Julai 2025
Vita na Ummy. Nikishika ufagio: "Bibi, lete." Nikishika ndoo: "Bibi jamani, watu watanisemaje?" Ana adabu mtoto huyu, lakini adabu yake itanimaliza! Leo nimeficha ufagio chini ya kitanda. Alipoingia bafuni nimefagia uwanja mzima. Katoka, kajishika kiuno. Nilijiona kama mwizi — mwizi mwenye furaha zake.

Alhamisi, 10 Julai 2025
Kwihara, nje ya mji, kwa rafiki yangu Minza. Kwenda bodaboda, kurudi nusu ya njia kwa miguu. Nimemkuta anakata viazi vitamu vya kuanika michembe. Ana themanini na mmoja! Kaketi chini, miguu kainyoosha, kisu kinakwenda. Viazi vikamwishia, akainuka kufuata vingine — hivi hivi tu, bila hata kuguna. Nikamuuliza siri yake. Kanitazama kama nimemuuliza anapumuaje.

"Mama Majidi, mimi sina kochi."

Njia nzima nawaza. Makochi yale Majidi kaniletea mwaka wa sita sasa, kwa heshima zote. Tangu hapo sikai chini. Nakula kochini, nasuka ukili kochini, hata kuswali nimehamia kitini. Sijui siku ile ya mchele nilifuata nini chini. Hakuna aliyenikosea. Walinipenda, nami nikakaa.

Jumapili, 20 Julai 2025
Kitini mara kumi na mbili! Mkekani, nikishika kochi, naweza. Bila kushika — bado. Leo nimerudi chini kwa kishindo, Ummy kaja mbio. Nikamwambia, simama hapo hapo! Kasimama, mikono inamwasha. Goti moja, mguu mmoja mbele... nimekwama. Nimelia kidogo. Kwa mkwe wangu nitatunzwa, najua. Lakini nitaomba hata chumvi. Hapa chumvi yangu naijua ilipo.

Ijumaa, 25 Julai 2025
Nimesujudu chini, kwenye mswala. Nikainuka! Mwenyewe! Alhamdulillah. Ummy simwambii, atanipigia vigelegele mtaa mzima ujue.

Jumamosi, 2 Agosti 2025
Majidi kafika jana. Tiketi mbili za treni, za kesho, ziko mfuko wa nyuma wa suruali. Mchana nikatandika mkeka. Ugali, maharage, mlenda. "Mama, na makochi yote haya?" Kaa, baba. Kakaa, kwa kuhema. Tukala, tukacheka sana.

Kisha nikamwambia, tazama. Goti. Mguu mbele. Mkono pajani — paja ni langu. Nikasimama! Ummy kapiga kigelegele huku jikoni. Majidi akasema taratibu: leo umeweza, Mama, na mwakani?

Nikaja jikoni kufuata maji ya kunawa.

Nachungulia — bado yuko chini! Kageuka kulia, kageuka kushoto. Ana miaka hamsini na mmoja. Anasema mguu umekufa ganzi. Simu inaita kochini, ni Shamila mkewe, bila shaka anauliza tunafika saa ngapi, naye Majidi haifikii. Tiketi kazikalia. Ndoo imejaa, mimi naandika haya juu ya meza ya jikoni, kicheko kinanibana mbavu.

"Mama!" Mkono kaunyoosha kuelekea mlangoni. "Mama, hebu nivute."

Ummy anataka kukimbilia. Nimemshika kanga. Mwache! Namjibu kutoka huku huku: usinyooshe mkono, baba, anza na goti —